Nyuzi, Kioo na Nywele: Mchoro Mmoja wa Bibi wa Shalott

Msomaji kijana, aghalabu ukifungua kitabu chenye picha huitazama picha kwanza, ukasema ni nzuri au si nzuri, kisha ukafunua ukurasa. Picha umeiona, lakini hujaisoma. Insha hii yakuomba utulie mbele ya mchoro mmoja mdogo, usiozidi kiganja cha mtu mzima, uliochapwa kwa wino mweusi mjini London mwaka 1857. Nimeuchagua kwa sababu ulizusha ubishi baina ya watu wawili mashuhuri, mshairi na mchoraji, na ubishi huo watuhusu sisi sote tusomao fasihi. Swali lenyewe ni hili: mchoraji aliyepewa shairi alitilie picha, je, ni mtumishi wa maneno yaliyoandikwa tu, au ana haki ya kutia neno lake mwenyewe?

Kabla ya kujibu, yatupasa kuijua hekaya yenyewe. Katika ngano za kale za Uingereza yupo mfalme aitwaye Arthur, mwenye mji uitwao Camelot, na mashujaa wapanda farasi walioketi naye katika Meza ya Mviringo. Shujaa aliyevuma kuliko wote ni Lancelot. Thomas Malory, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, asimulia habari za msichana aliyempenda Lancelot asipendwe naye, akafa kwa huzuni, na maiti yake ikatiwa katika mashua ikateremka mtoni hadi kwa mfalme, barua mkononi. Hadithi iliyofanana na hiyo ilikuwako Italia pia, na ndiyo iliyomfikia mshairi Alfred Tennyson, akaitungia shairi liitwalo kwa Kiingereza "The Lady of Shalott". Alilitoa mara ya kwanza mwaka 1832, akalirekebisha na kulitoa tena mwaka 1842.

Katika shairi hilo Bibi wa Shalott akaa peke yake ndani ya ngome ya kijivu, katika kisiwa kilichozungukwa na mto uendao Camelot. Kazi yake ni moja: usiku na mchana afuma kitambaa chenye picha. Amepata kusikia mnong'ono kwamba laana itamshukia akiacha kazi yake kuutazama mji, lakini laana hiyo ni ya namna gani, hajui. Basi hachungulii dirishani. Mbele yake kimetundikwa kioo, na katika kioo hicho aviona vivuli vya ulimwengu: wasichana waendao sokoni, mchungaji, mashujaa wapitao wawili wawili, mazishi usiku, na vijana wawili waliooana karibuni. Ayaonayo ndiyo ayafumayo. Siku moja, alipokwisha kuvichoka vivuli, Lancelot apita katika jua kali, silaha zake zikimetameta, akiimba. Bibi aacha kitanda cha mfumi, apiga hatua tatu, atazama nje. Mara kitambaa charuka, kioo chapasuka, na laana yamshukia. Ashuka mtoni, aingia katika mashua, aandika jina lake omoni, alala humo, na mashua yampeleka Camelot huku akiimba. Afa kabla ya kuifikia nyumba ya kwanza. Watu wa mji wamwogopa. Lancelot amtazama kidogo, asifu uzuri wa uso wake, amwombea rehema za Mungu. Hadithi yaishia hapo.

Sasa twendeni kwenye mchoro. Mwaka 1857 mwuza vitabu Edward Moxon alitoa mashairi ya Tennyson katika kitabu kikubwa chenye picha 54. Wakati huo Tennyson alikuwa amekwisha kuwa mshairi wa malkia tangu mwaka 1850, na jina lake lilijulikana kote Uingereza. Picha 30 kati ya hizo zilichorwa na vijana watatu, John Everett Millais, Dante Gabriel Rossetti na William Holman Hunt, ambao mwaka 1848 walikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wachoraji waliotaka kuacha desturi za vyuo vya sanaa na kuchora kila jani na kila uzi kwa uaminifu. Shairi la Bibi wa Shalott lilipata picha mbili: Hunt alichora ya mwanzo, Rossetti akachora ya mwisho.

Lazima ukumbuke jinsi picha hizo zilivyofanywa, maana ufundi huamua mengi. Mchoraji alichora juu ya kipande cha mti mgumu uliolainishwa. Kisha fundi, ambaye kwa mchoro wetu alikuwa John Thompson, alichonga na kuondoa kila mahali palipotakiwa kuwa peupe, akaacha mistari tu imesimama. Wino ulishika mistari hiyo, na kibao kikapigwa chapa pamoja na herufi katika ukurasa uleule. Hapakuwa na rangi nyekundu ya kuonyesha hatari wala ya kijivu ya kuonyesha huzuni. Palikuwa na mweusi na mweupe, basi. Yote ambayo Hunt alitaka kuyatia moyoni mwa msomaji yalipaswa kupita katika mwendo wa mstari.

Twaona nini? Bibi amesimama katikati ya kitanda chake cha mfumi, nacho kimemzunguka kama ua. Si yule mfumi mtulivu aliyeimba alfajiri hata wavunaji wakamsikia. Laana imekwisha kushuka. Nyuzi zimechomoka katika kazi, zikamzinga mwili mzunguko baada ya mzunguko, na mikono yake yahangaika nazo. Kichwa amekiinamisha. Nywele zake, nyingi na nzito, zimeinuka juu zikatapakaa hata zikajaza sehemu yote ya juu ya picha. Nyuma yake ukutani ni kioo kikubwa cha duara, na ndani ya kioo ni Lancelot juu ya farasi, mdogo, yu mbali, aendelea na safari yake. Kando ya kioo pana picha nyingine ya duara, nayo yaonyesha Kristo msalabani.

Mwanafunzi aliyezoea mitihani ataitazama orodha hii, achukue kalamu, aandike: kioo ni ishara ya maisha ya vivuli, nyuzi ni ishara ya laana, msalaba ni ishara ya dini. Hakukosa, lakini hajasema kitu. Ishara si noti ya benki, yenye thamani iliyoandikwa juu yake, ile ile kila mahali. Kioo mezani kwa kinyozi ni kioo tu. Kitu huwa ishara kwa sababu ya kazi kinachofanya mahali kilipowekwa, na kwa sababu ya hali ya moyo inayokizunguka. Kwa maneno "hali ya moyo" nakusudia ile hisia moja inayoenea katika kazi nzima ya sanaa, iwe hofu, utulivu, majonzi au furaha, ambayo huipata kabla hujajua umeipata wapi. Basi tuzichukue ishara hizi moja moja, tuone zinafanya kazi gani.

Tuanze na kioo. Kwanza ni chombo cha kazi. Wafumi wa zamani wa vitambaa vya picha vya kutundikwa ukutani walikaa upande wa nyuma wa kazi yao, na waliweka kioo mbele ili waone upande wa mbele unavyoendelea. Tennyson alikichukua chombo hicho cha kweli akakipa kazi nyingine: badala ya kuonyesha kitambaa, chaonyesha ulimwengu. Hunt naye alianza kukichora kisa hiki mwaka 1850, na katika mchoro huo wa awali alikizungushia kioo kikubwa vioo vidogo vidogo vilivyosimulia mkasa hatua kwa hatua. Katika picha ya 1857 vioo vidogo hivyo ameviondoa. Kwa nini? Kwa sababu vioo vile vilisimulia, na kusimulia huhitaji muda. Jicho hutoka huku likaenda kule, na hofu hupoa. Kikabaki kioo kimoja, chenye mtu mmoja ndani yake. Sasa angalia alivyompanga mtu huyo. Lancelot, shujaa ambaye katika shairi ang'aa kama nyota, hapa ni mdogo kuliko kiwiko cha Bibi. Ndiye aliyesababisha yote, wala hana habari. Apita tu. Hapo kioo chakuambia jambo ambalo orodha yako haikulisema: kwamba mkasa mkubwa wa mtu mmoja waweza kuwa si kitu kabisa kwa mwingine aliyeusababisha.

Zifuatazo ni nyuzi. Katika kufuma kuna mtande, yaani nyuzi zilizonyoshwa na kufungwa imara, na kuna mshindio, yaani uzi upitishwao katikati yake. Kazi nzuri hupatikana pale uzi mmoja unapomtii mwingine. Katika mchoro wa Hunt utii huo umekwisha. Uzi uliokuwa mtumishi wa Bibi umegeuka bwana wake. Alichokifuma sasa kinamfuma. Huhitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba hii ni ishara. Mwili wako wenyewe wahisi kubanwa unapotazama zile duara zinazopita magotini na kiunoni. Na kumbuka tena kwamba mchoro wote ni mistari. Mstari unaochora uzi ndio huohuo unaochora nywele na kunja za nguo, hata mahali pengine jicho lasita: huu ni uzi au ni unywele? Kusita huko ndiko alikokutaka mchoraji. Bibi na kazi yake wamechanganyika hata hawatenganiki.

Kisha nywele. Hizi ndizo zinazotia hali ya moyo kuliko kitu kingine chochote katika picha hii. Chumba kimefungwa, upepo hauonekani kugusa kitu kingine, hata hivyo nywele zimevuma kana kwamba tufani imeingia. Tufani hiyo haikutoka nje. Ni laana yenyewe ikionekana kwa macho, au tuseme ni moyo wa Bibi uliopasuka ukatokeza kichwani. Angalia pia mpaka wa picha. Bibi ni mrefu kuliko nafasi aliyopewa. Kama angeinua kichwa, angeugonga ukingo wa juu. Nywele zimezuiwa na ukingo huo, zikalazimika kwenda pembeni. Fikiria kama Hunt angeacha nafasi nyeupe ya vidole viwili juu ya kichwa: hofu ingepungua nusu, maana Bibi angekuwa na pa kupumulia. Hali ya moyo yatoka katika mambo ya namna hii, yanayoweza kupimwa kwa rula.

Mwisho ni msalaba. Shairi halikuutaja mahali hapo. Hunt alikuwa mtu wa dini sana, na picha zake nyingi zina mafundisho. Kumweka Kristo msalabani kando ya Lancelot ni kuweka njia mbili kando kwa kando: upande mmoja yupo aliyevumilia kazi yake hata kufa, upande mwingine apita kishawishi chenye fahari. Katika maelezo yake ya baadaye Hunt alimtaja Bibi kuwa mfano wa mtu aliyekabidhiwa kazi tukufu akaiacha. Kwa hiyo kwake yeye nyuzi ni adhabu, na mchoro ni onyo.

Sasa tufike kwenye ule ubishi. Hunt aliuandika katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1905. Asema alikwenda kumwona Tennyson, na mshairi akamlaumu. Kwa nini nywele zimetupwa huku na huku kana kwamba zimepigwa na kimbunga? Na kwa nini nyuzi zimemzinga Bibi mzunguko baada ya mzunguko? Shairi lasema kwamba kitambaa kiliruka kikaelea mbali. Halikusema kilimzunguka mwilini. Hunt alijitetea kwamba mshairi alikuwa na kurasa kama kumi na tano za kueleza ajali ile ya ajabu, na yeye mchoraji amepewa nusu ya ukurasa tu. Tennyson hakukubali. Kwa maoni yake mchoraji wa kitabu asiongeze kamwe jambo asilolikuta katika maandishi. Akataja na picha nyingine ya Hunt katika kitabu hichohicho, ya mfalme na binti maskini, akalalamika kwamba yeye hakuandika ngazi nyingi kama zile zilizochorwa.

Hapa, msomaji, tahadhari. Tennyson alikufa mwaka 1892, miaka kumi na mitatu kabla ya kitabu hicho kutoka, na habari hii twaipata kwa upande mmoja tu, upande wa Hunt. Hakimu mwema hukumbuka jambo hilo. Hata hivyo Hunt hakujipendelea sana, maana ameyaandika mashtaka ya mshairi waziwazi, na mashtaka yenyewe yana nguvu.

Nani mwenye haki? Tukipima kwa maneno, Tennyson ameshinda. Kuelea mbali si kuzinga. Lakini ukifikiri zaidi utaona kwamba kipimo hicho chamgeukia mwenyewe. Tennyson aliikuta hadithi ya Kitaliano ya mwanamke aliyekufa kwa mapenzi. Kitambaa, kioo na kisiwa havikuwamo; ni vyake yeye, na alikiri hivyo. Yaani mshairi mwenyewe aliiongezea hekaya ya kale vitu asivyovikuta, na nyongeza hizo ndizo zilizolifanya shairi lake liishi. Kama Tennyson angelazimishwa kutoongeza neno, tusingelikuwa na Bibi wa Shalott tunayemjua. Basi haki aliyoitumia kwa mwandishi wa Italia, atawezaje kumnyima mchoraji wake?

Lakini tusikimbilie kusema kwamba mchoraji yuko huru kufanya apendavyo. Uhuru una masharti yake. Nyongeza yafaa kuhukumiwa kwa kuuliza: je, yaifungua zaidi kazi ya asili, au yaifunga? Kwa kipimo hiki nywele za Hunt zimefaulu. Shairi lasema laana imeshuka, nasi twasoma upesi tukapita. Mchoro watulazimisha tusimame katika dakika ile ile, tuone kwamba laana si neno la hadithi tu bali ni jambo linalompata mwili. Nyuzi nazo zimefaulu kwa sehemu kubwa, maana zaonyesha ukweli uliojificha katika shairi: kwamba Bibi alikuwa amefungwa na kazi yake tangu mwanzo. Kitambaa kilipomzinga hakikuanza kumfunga. Kilionyesha kifungo kilichokuwako.

Ila msalaba wanitia shaka, na hapa nakuomba ufikiri mwenyewe. Sisemi ishara ya dini haifai katika hekaya ya mashujaa. Meza ya Mviringo imejaa dini. Nasema kwamba hapa ishara hiyo imewekwa kutuambia tumhukumu Bibi, na shairi halikumhukumu. Ni rahisi kwa msomaji wa Kiswahili kukimbilia methali na kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Lakini mkuu gani? Bibi hakupewa amri na mzee wala mfalme. Alisikia mnong'ono. Hakuambiwa kosa lake wala adhabu yake, wala nani atakayeitoa. Kutazama dirishani kwa mtu aliyekaa miaka akiona vivuli tu, je, ni ukaidi au ni njaa? Tennyson aliliacha swali hilo wazi, na mpaka leo wasomaji wanabishana. Wako wasemao Bibi ni msanii asiyeweza kuishi katika ulimwengu anaousimulia. Wako wasemao ni mwanamke aliyefungiwa ndani na desturi za zama zake. Wako wasemao, kama Hunt, kwamba ni mtu aliyeacha wajibu. Shairi lawapokea wote watatu.

Na jambo la ajabu ni hili: mchoro wenyewe, ukiutazama vema, haukubaliani na mahubiri ya mchoraji wake. Hunt alitaka tumwone mkosaji. Mkono wake ulichora mtu anayeteseka. Kile kichwa kilichoinama, zile nyuzi magotini, ule ukingo unaomkandamiza utosini, vyote vyatuvuta kwenye huruma. Msalaba mdogo ukutani watoa hukumu; picha nzima yaomba rehema. Ndiyo maana nimesema kwamba ishara haisemi peke yake. Hali ya moyo ikipingana na ishara, hali ya moyo hushinda, kwa sababu ishara huenda kichwani na kungoja kufasiriwa, na hali ya moyo huwa imekwisha kuingia.

Uzito wa jambo hili utauona ukilinganisha na picha nyingine za kisa hichohicho. Rossetti, katika picha ya mwisho ya shairi kitabuni, alichagua dakika ambayo Lancelot ameinama juu ya mashua kumtazama marehemu usoni. Tufani imekwisha. Nyuso mbili ambazo hazikupata kukutana maishani zimekaribiana, moja hai, moja imekufa, na huzuni yake yatoka katika ukaribu huo uliochelewa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1888, John William Waterhouse alichora kwa rangi za mafuta picha kubwa, yapata mita mbili kwa upana, iliyoko sasa katika jumba la Tate mjini London. Humo Bibi amekaa katika mashua, nguo yake nyeupe, kitambaa alichokifuma kimetandikwa na kuning'inia majini, mnyororo wa mashua mkononi. Mbele yake pana msalaba, na mishumaa mitatu: miwili imezimika, mmoja bado wawaka. Hapo pia pana msalaba! Lakini haufanyi kazi ileile. Kwa Hunt msalaba ulikuwa ukutani, nyuma ya mkosaji, kama hakimu. Kwa Waterhouse uko omoni, mbele ya msafiri, kama faraja ya mtu anayekufa. Ishara ni moja, maana ni mbili, na kinachozitenganisha ni hali ya moyo: kule chumba kilichofungwa na tufani, huku mto mpana, jioni, na mshumaa mmoja unaongoja zamu yake.

Hunt mwenyewe hakukiacha kisa hiki. Alikirudia katika picha kubwa ya rangi, akaifanyia kazi miaka mingi, hata macho yake yakadhoofika na ikambidi asaidiwe na mchoraji mwenzake Edward Robert Hughes. Ilikamilika mwaka 1905, nayo iko Hartford, Marekani. Nyuzi zimo. Nywele zimo, zingali zimevurugika vilevile. Karibu miaka hamsini baada ya kulaumiwa na mshairi mkuu wa nchi yake hakubadili neno. Msalaba ndio alioubadili. Mahali pa ule mduara aliweka picha nyingine. Nadhani jambo hilo latuambia mengi kuhusu kipi kilikuwa cha lazima katika mchoro ule na kipi hakikuwa.

Basi, msomaji, ukikutana siku nyingine na picha kitabuni, iwe ya shujaa juu ya farasi au ya mtu wa kwetu shambani, usianze kwa kuuliza, "Kitu hiki ni ishara ya nini?" Anza kwa kuuliza, "Picha hii yanifanya nihisi nini?" Jibu kwa neno moja la kweli, hata kama ni neno dogo. Kisha tafuta mahali hisia hiyo inapotoka: katika mstari, katika ukingo, katika ukubwa wa mtu huyu na udogo wa yule. Hapo ndipo uziendee ishara, moja moja, uziulize kama zakubaliana na hisia hiyo au zabishana nayo. Mwisho rudi kwenye maandishi, uone mchoraji ameongeza nini na ameacha nini, umpime kwa haki, ukijua kwamba mwandishi naye alipata hadithi yake kwa mtu mwingine akaigeuza.

Ukifanya hivyo huenda usikubaliane nami juu ya ule msalaba mdogo. Vyema. Utazame tena mchoro, uniletee sababu zako.